TOGWA YA KIMEA BILA KIPIMAJOTO: ANZA NA LITA TANO, USIANZE NA NDOO YA MTEJA



Leo tunaongelea togwa. Najua kuna atakayesema, "Togwa si kila mtu anaijua?" Ni kweli, kuinywa tunaijua. Ila kuitengeneza ya kuuza, utamu wake utoke kwenye nafaka yenyewe na siyo kwenye mfuko wa sukari, hapo ndipo wengi tunapochemka. Mimi mwenyewe nilichemka vibaya, na ilinigharimu mteja. Soma mpaka mwisho ili wewe usilipe ada niliyolipa mimi.

ILIKUWAJE

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika, mnakumbuka. Mitaani kilo ilifika shilingi 4,000 na kuendelea. Nilikuwa nauza ndoo moja ya lita 10 kwa siku, na kila ndoo inakula kilo nzima ya sukari. Kikombe ni 500. Sasa mteja wa stendi huwezi kumwambia leo ni 700, anavuka barabara anakunywa juisi ya ukwaju.

Nikakumbuka togwa ya bibi yangu kule Songea. Ilikuwa tamu, na jikoni kwake sukari ilikuwa ya chai ya wageni tu. Utamu ulitoka kwenye kimea cha ulezi. Nikasema, kumbe dawa ninayo.

Kosa langu la kwanza: sikujaribu. Nilichukua oda ya lita 20 ya kikundi cha kikoba, nikapokea na advansi ya 15,000. Kosa la pili: uji ukiwa unatokota jikoni, nikamimina kimea humohumo, nikakoroga, nikafunika, nikalala kwa amani. Asubuhi nafunua, uji ni uleule mzito, hauna utamu hata wa kusingizia. Kuweka sukari kwenye lita 20 ilikuwa ni kufanya kazi ya bure. Nikarudisha hela yao. Hawakunitukana, ila hawajaniita tena mpaka leo.

Nikampigia simu mama mkubwa. Alicheka kwanza, halafu akasema, "Umekiua kimea, mwanangu. Kimea hakitiwi motoni." Maneno hayo machache ndiyo somo lote la leo. Ngoja niyafafanue.

KIMEA KINAFANYA NINI?

Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaota, ikakaushwa na kusagwa. Punje ya ulezi imebeba wanga, ambao ni chakula cha mche mchanga. Punje ikianza kuota inatengeneza vimeng'enya, yaani vitu vinavyoukata wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Sisi tunaikausha punje kabla mche haujala akiba yote, halafu vile vimeng'enya tunavipa kazi kwenye uji wetu.

Unataka kuhakikisha? Tafuna kipande cha ugali mkavu kwa dakika mbili bila kumeza. Utasikia kautamu. Mate nayo yana kimeng'enya cha aina hiyo.

Sasa, vimeng'enya vinataka joto la wastani. Vinapenda nyuzi 60 hadi 70. Ukipitisha 75 vinaanza kufa haraka, na kwenye uji unaotokota havidumu kabisa. Ndivyo nilivyoviua vyangu. Na uji ukipoa mno, kazi inakwenda polepole. Togwa inachacha kabla haijapata utamu, unabaki na uji mwepesi mchungu.

Watengeneza bia wanafanya kazi hiyohiyo. Wanaotesha shayiri, wanaikausha, wanaisaga, wanaiweka kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa saa moja, ndipo wanachuja na kuchemsha. Wale wa Ulaya na Marekani wanaotengeneza bia nyumbani wengi wanatumia makasha ya plastiki ya kubebea vinywaji baridi, kwa sababu yanatunza joto. Wachaga nao kwenye mbege wanatumia kimea cha ulezi pamoja na ndizi. Tofauti yetu ni kwamba unga wa mahindi lazima uive kwanza, maana wanga wa mahindi mbichi ni mgumu kukatwa. Kwa hiyo tunapika uji, tunaupoza mpaka joto linalofaa, ndipo kimea kinaingia.

Swali linabaki moja: nyuzi 65 utazijuaje wakati huna kipimajoto? Jibu ni hesabu ya maji. Tutafika.

VIFAA (VINGI UNAVYO TAYARI)

1. Sufuria ya lita 7 au 8 yenye mfuniko.
2. Ndoo ya plastiki iliyokuwa na chakula, kwa mfano mafuta ya kula. Ndoo ya rangi usitumie hata ukiiosha mara kumi. Na ndoo ya bati usiwekee togwa, maana uchachu unakula ile bati na inaingia kwenye kinywaji.
3. Blanketi zito au kapu kubwa lililojazwa nguo kuukuu safi. Hili ndilo litakalotunza joto.
4. Chupa ya lita moja ya kupimia maji.
5. Mwiko, chujio na kitambaa cheupe safi.
6. Dawa ya kahawia ya vidonda yenye ayodini, ile ndogo ya duka la dawa. Kazi yake utaiona.

KUTENGENEZA KIMEA

Kimea cha kununua kipo sokoni, ila hujui kilikaushwaje. Ukitengeneza mwenyewe ni hivi:

Kwanza pima ulezi kabla hujanunua mwingi. Chukua punje 100, weka kwenye kitambaa kibichi siku mbili. Zikiota 90 na zaidi, nunua. Zikiota nusu, huo ni wa uji tu. Usitumie mbegu za kupanda zilizowekwa dawa, hiyo ni sumu.

Osha, toa mawe, loweka usiku kucha. Maji yabadilishe walau mara moja. Asubuhi chuja, tandaza juu ya kiroba safi kilicholowa, unene wa kidole kimoja, funika na kitambaa kibichi. Nyunyiza maji na kugeuza asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu utaona vichipukizi. Vikifika kama nusu sentimita, simamisha. Anika juani siku mbili au tatu mpaka punje ikiumwa na jino inakatika "ka". Pikicha, pepeta ile mizizi, saga.

Mambo matatu hapa:

- Usikaange kimea ili kikauke haraka. Utakuwa umekiua kabla hata ya kufika jikoni.
- Mashine ya kusagia iwe safi. Ukisaga baada ya mtu aliyesaga dagaa, wateja watakwambia wao wenyewe.
- Ukiona ukungu, au harufu ya uvundo, tupa chote. Usichambue. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa nafaka zenye sumu hiyo. Hakuna faida ya elfu kumi inayolingana na hilo.

Wanaouliza kama mtama unafaa: unaota vizuri, ila machipukizi yake yana kemikali inayotoa sumu. Kwa anayeanza, baki na ulezi.

JARIBIO LA KWANZA: LITA TANO

Mahitaji:
- Unga wa mahindi nusu kilo
- Maji lita 3 ya kupikia
- Maji lita 2 yaliyochemshwa jana na kupoa
- Kimea gramu 125 (nusu ya robo kilo)

Anza saa 9 alasiri ili usiku kazi ya moto iwe imekwisha.

HATUA YA 1. Pika uji kwa lita 3 za maji. Uive hasa, dakika 20 baada ya kuchemka. Utakuwa mzito, usiogope.

HATUA YA 2. Epua. Mimina zile lita 2 za maji yaliyopoa, koroga mpaka mabonge yaishe. Hiki ndicho kipimajoto chako. Uji uliotoka motoni una nyuzi kama 93, maji ya Dar au Tanga yana 25 na kitu. Ukichanganya kwa vipimo hivi unapata nyuzi 65 na kidogo. Kama upo Iringa, Njombe au Mbeya, maji yako ni ya baridi zaidi na uji wako unachemka kwenye joto la chini kidogo, kwa hiyo weka lita 1 na robo tatu tu.

Usipime kwa kidole, utaungua na utachafua. Ukipata hela nunua kipimajoto cha jikoni, ni kitu cha mara moja. Ila kukikosa kusikuzuie kuanza.

HATUA YA 3. Weka kimea chote, acha vijiko viwili tu pembeni. Koroga dakika mbili. Funika, zungushia blanketi au tumbukiza kwenye kapu lako. Usifunuefunue, kila ukifunua joto linatoka.

HATUA YA 4. Baada ya dakika 15 chungulia mara moja. Uji uwe umelegea, unatiririka kwenye mwiko kama maziwa mazito. Hapo kimea kinafanya kazi. Funika tena, acha ifike saa moja na nusu.

HATUA YA 5. Pima. Chota kijiko cha maji ya juu, yasiyo na machicha, weka kwenye kisahani, yapoe. Dondoshea tone la ile dawa ya ayodini. Yakiwa bluu nyeusi tii, wanga bado upo mwingi, ongeza nusu saa. Yakibaki na rangi ya kahawia au wekundu hafifu, kazi imeisha. Hicho kisahani mwaga na uoshe, usirudishe kwenye sufuria. Halafu onja na kijiko kingine. Utasikia utamu wa nafaka, na siku ya kwanza utacheka peke yako jikoni.

HATUA YA 6. Chuja, rudisha motoni, chemsha dakika 10 huku unakoroga, maana chini inashika haraka. Wazee wengi hawafanyi hatua hii. Mimi naifanya kwa sababu nauza kwa watu nisiowajua, na kimea kimeanikwa nje, kimepitiwa na vumbi na nzi. Ila usichemshe kabla kimea hakijamaliza kazi.

HATUA YA 7. Poza mpaka vuguvugu, joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Weka kikombe kimoja cha togwa nzuri ya jana. Kama ni mara ya kwanza kabisa na huna, tumia vile vijiko viwili vya kimea ulivyoacha. Humo mna vijidudu vizuri vinavyoleta uchachu. Funika kwa kitambaa safi na mfuniko usiobana. Dar usiku mmoja unatosha. Sehemu za baridi inaweza kufika saa 24.

Asubuhi onja. Utamu uwe mbele, uchachu unafuata nyuma. Ikifika hapo, weka kwenye baridi, anza kuuza.

UKIKOSEA, UTAJUAJE KOSA LIKO WAPI?

Uji haukulegea kabisa: uliweka kimea uji ukiwa wa moto mno, au kimea kilikufa wakati wa kukausha.

Ulilegea lakini hauna utamu: ulipoa haraka. Ongeza blanketi, au pasha sufuria kwa maji ya moto kabla.

Umechachuka sana: ulichelewa. Punguza masaa ya usiku au anza jioni zaidi.

Una harufu mbaya, utando wa rangi au ukungu: mwaga. Usimuulize jirani, mwaga.

Andika kila jaribio kwenye daftari: saa ulizoanza, maji uliyoweka, matokeo. Mimi la kwanza lilikuwa zito, la pili likawa chachu, la tatu likanyooka. Yote mawili yaliyoharibika baada ya ile oda yalikuwa ya lita tano tano, hasara haikufika hata 8,000. Hasara ile kubwa ni ya ile ndoo ya mteja.

TUJE KWENYE HESABU

Hizi ni bei za mfano, weka za kwako. Ndoo ya unga kilo 1, yaani jaribio lile mara mbili, inakupa kama lita 9 baada ya kuchuja.

Unga kilo 1: 1,500
Kimea robo kilo: 900
Sukari robo kilo: 750
Mkaa: 2,000
Maji na sabuni: 500
Vikombe na usafiri: 1,000
JUMLA: 6,650

Utaniuliza, mbona sukari bado ipo? Nisikudanganye. Utamu wa kimea ni wa upole, haupigi kama sukari, na kuna wateja wamezoea vitamu. Nilianza kwa kupunguza taratibu: kilo, robo tatu, nusu, sasa robo. Wengine hawakugundua. Wazee wa stendi waligundua, na wao ndio waliosema, "Sasa hii ndiyo togwa."

Lita 9 kwa kikombe cha robo lita ni vikombe 36. Toa vya kuonja na kumwagika, hesabu 32. Mara 500 ni 16,000. Inabaki 9,350.

Zamani, kwa sukari kilo nzima (3,000) na kimea kidogo (500), gharama ilikuwa 8,500 na kubaki 7,500. Tofauti ni 1,850 kwa ndoo. Unaweza kusema ni hela ndogo. Zidisha kwa siku 26 za kazi: 48,100. Hiyo ni kodi ya fremu kwa baadhi yetu, au ada ya mtoto. Na sukari ikipanda tena, wewe hutikisiki kama jirani yako.

Ila hapo sijalipa nguvu zako. Jilipe, hata kidogo, usijidanganye kwamba yote ni faida.

ANGALIZO KABLA HUJAUZA

1. Togwa ya jana ndiyo ya kuuza leo. Ikifika siku ya pili na ya tatu bila baridi, hamira za asili zinaingia na inaanza kuwa pombe. Nilishawahi kuuza ya siku ya tatu kwa mama mmoja, akawapa watoto. Alirudi kesho yake kuniambia ilikuwa "na kichwa". Niliomba radhi na kurudisha hela, na toka siku hiyo naandika tarehe kwenye kila ndoo. Pombe ni biashara nyingine, ina leseni yake, na haiuzwi kwa watoto.

2. Usijaze chupa ukaikaza kizibo. Togwa inaendelea kuchacha na kutoa gesi. Chupa inavimba, inaweza kupasuka kwenye begi la mteja.

3. Maji ya kuongezea na kuoshea vikombe yawe safi na yaliyochemshwa. Uchachu wa togwa unasaidia kuzuia vijidudu vibaya, lakini hausafishi maji machafu.

4. Muone bwana afya wa eneo lako na upime afya yako kama muuza chakula. Ukitaka kufungasha na kuweka lebo, hapo unahitaji TBS. Pa kuanzia ni ofisi ya SIDO ya mkoa wako, wanaelekeza wajasiriamali wadogo hatua kwa hatua.

MWISHO

Ndugu yangu, ndoo, blanketi na chupa ya kupimia vinatosha kabisa kuanza. Kilichoniangusha mimi siyo vifaa. Niliangushwa na haraka, nikapokea hela ya mtu kwa kitu ambacho sijawahi kukitengeneza hata mara moja. Jaribu lita tano kwa gharama yako. Zikinyooka mara tatu mfululizo, ndipo upokee oda ya mtu.

Kimea hakitiwi motoni, na oda haipokelewi kabla ya jaribio.

Kama una mwenzako anauza togwa na analia na bei ya sukari, mtumie hii. Kazi njema.